Ariel ya Sylvia Plath: matoleo mawili, na kwa nini uchukue la 2004

Anayetafuta Ariel ya Sylvia Plath atakutana na vitabu viwili. Jina ni lile lile na mshairi ni yule yule, ila mashairi si yale yale yote na mpangilio umegeuzwa. Cha kwanza kilitolewa na kampuni ya uchapishaji ya Faber, London, mwaka 1965, miaka miwili baada ya Plath kufariki, na aliyekipanga ni mumewe, mshairi Ted Hughes. Cha pili kilitoka mwaka 2004 kikifuata mswada alioupanga Plath kwa mkono wake, pamoja na dibaji ya binti yao, Frieda Hughes. Wengi huchukua kile kinachopatikana kwanza. Kama unachotafuta ni mashairi ya umama na mateso ya nafsi, usibahatishe. Toleo utakalolishika ndilo litakaloamua utakutana na mama wa namna gani.

Kwanza habari za mswada. Plath, Mmarekani mzaliwa wa Boston, alihamia North Tawton, mji mdogo wa Devon kusini-magharibi mwa Uingereza, mwishoni mwa Agosti 1961, akiwa na mume na binti wa mwaka mmoja na miezi kadhaa. Mtoto wa pili, Nicholas, alizaliwa nyumbani humo Januari 1962. Ilipofika vuli ya mwaka huo ndoa ilikuwa imevunjika, na mama huyu alikuwa akiamka alfajiri, kabla watoto hawajaamka, ili aandike. Mwezi wa Oktoba pekee ulimpa mashairi kama 25. Kutokana na hayo, na mengine aliyokuwa nayo tangu 1960, alichagua 40, akayapiga taipu, akayapanga ndani ya jalada jeusi na kuitabaruku diwani yake kwa watoto wake wawili. Alijiua London tarehe 11 Februari 1963, akiwa na umri wa miaka 30. Jalada lilikutwa mezani.

Hughes alipolichapa, aliondoa mashairi 13 katika toleo la Uingereza, na 12 katika lile la Marekani la 1966, ambamo “Lesbos” liliachwa libaki. Mahali pake akaingiza mengine, mengi yakiwa ya wiki za mwisho za uhai wa Plath. Baadaye, katika utangulizi wa The Collected Poems ya 1981, alieleza kwamba aliacha baadhi ya mashairi ya 1962 yaliyoshambulia watu kwa ukali zaidi. Kwa “The Jailor” na “The Rabbit Catcher” maelezo hayo yanaeleweka, kwani ndoa inavuliwa nguo mle hadharani. Ila “Barren Woman” halimshambulii mtu yeyote, wala “Thalidomide”. Hapo ndipo msomaji aliyefuata mada ya umama anapopunjwa.

Fungua yaliyomo na uangalie mashairi sita ya mwanzo. Toleo la 1965 linaanza na “Morning Song”, “The Couriers”, “Sheep in Fog”, “The Applicant”, “Lady Lazarus” na “Tulips”. La 2004 linaanza na “Morning Song”, “The Couriers”, “The Rabbit Catcher”, “Thalidomide”, “The Applicant” na “Barren Woman”. (Hii ndiyo njia rahisi ya kutambua toleo ukiwa dukani: tazama shairi la tatu.) Katika mpangilio wa Plath, ndani ya mashairi sita tu unapita kwa mtoto aliyezaliwa salama, kisha kwa mtoto aliyeharibiwa viungo tumboni kwa dawa ya thalidomide, kisha kwa mwanamke asiye na mtoto kabisa. Furaha ya uzazi inawekwa mbele na hofu zake mbili kubwa zinasimamishwa nyuma yake papo hapo. Ukiondoa mashairi hayo mawili, “Morning Song” linabaki pambo la ufunguzi, na kitabu kinakimbilia kifo mapema mno.

Kuna jambo dogo linaloonyesha hasara hiyo vizuri zaidi. Katika “Morning Song” mtoto mchanga anaonekana kama sanamu mpya ndani ya jumba la makumbusho lenye baridi, na wakubwa wamesimama kumzunguka bila hisia usoni, kama kuta. Katika “Barren Woman”, lenye beti mbili za mishororo mitano mitano, mwanamke anajiita jumba la makumbusho lisilo na sanamu, linalotoa mwangwi kwa kila hatua inayokanyagwa. Mashairi haya yaliandikwa Februari 1961 yakiachana kwa siku mbili, tarehe 19 na 21, kama wiki mbili baada ya mimba ya Plath kuharibika. Ni jengo moja lililotazamwa mara mbili, likiwa na mtoto na likiwa tupu. Katika mswada yameachana kwa mashairi manne, umbali ambao msomaji bado anakumbuka. Toleo la 1965 lilibakisha nusu ya kwanza na kutupa ya pili, kwa hiyo msomaji wake hawezi kujua kwamba wimbo ule wa asubuhi una pengo ubavuni.

“Morning Song” linastahili kusomwa polepole, kwa sababu ndilo linalofundisha namna ya kusoma yaliyobaki. Lina beti sita za mishororo mitatu. Beti mbili za kwanza ni za mkunga, kilio cha kwanza na wazazi waliopigwa na bumbuwazi. Ubeti wa tatu ndio uliowashtua wengi: mama anasema yeye si mama wa mtoto huyu zaidi ya wingu linalonyesha maji, kisha maji hayo hayo yakawa kioo cha kuliangalia likifutwa na upepo. Msomaji wa haraka huchukulia kwamba mama anamkana mtoto. Anachokisema ni kigumu zaidi: kumzaa mtu ni kuanza kushuhudia kutoweka kwako mwenyewe. Kisha shairi linageuka. Usiku mama yuko macho, anasikiliza pumzi nyepesi ya mtoto, na kilio kimoja tu kinamwinua kitandani akipepesuka, mzito kama ng’ombe, ndani ya gauni la kulalia la maua la kizamani. Mwili umekubali kazi kabla moyo haujamaliza kubishana. Ndiyo nguvu ya Plath katika mada hii: hachagui kati ya mapenzi na hofu ya kumezwa, anaviweka ndani ya chumba kimoja na kuacha taa ikiwaka.

Ukishaielewa hiyo, “Tulips” halitakupoteza. Mwanamke kalazwa hospitalini katika beti tisa za mishororo saba, amekabidhi nguo zake kwa wauguzi na mwili wake kwa madaktari, na anachotaka ni utulivu mtupu. Picha ya familia iko pembeni ya kitanda, mume na mtoto wanatabasamu, na tabasamu zao zinamnasa ngozi kama ndoana. Si rahisi kulipata mahali pengine wazo hili likisemwa bila kuomba radhi: kwamba wapendwa wako ndio wanaokuvuta urudi kwenye uhai, na kwamba kuvutwa huko kunauma. “Lesbos” linafanya kinyume cha utulivu huo. Ni jikoni, vyakula vinachachatika, mtoto analala kifudifudi sakafuni akipiga mayowe, wanawake wawili wanachukiana, na sauti ya msemaji inapanda bila kupumzika. Ni shairi lisilopendeza na halikukusudiwa kupendeza. Kuliondoa kitabuni ni kumwondoa mama aliyeshindwa kujizuia, na huyo ni mmoja wa watu muhimu katika mada hii.

Kilele, kwa maoni yangu, ni “Nick and the Candlestick”, la 29 Oktoba 1962, mishororo 42 katika beti 14. Mama anamnyonyesha mwanawe usiku kwa mwanga wa mshumaa, na chumba kinageuka pango la mchimba madini: maji yanadondoka, mawe yananing’inia, hewa ni baridi na samaki wana meno. Halafu mwanga unatulia, rangi ya njano inarudi, na mtoto anakuwa kitu pekee kigumu ambacho nafasi zote za dunia zinaweza kukiegemea. Kitu kizuri katika toleo la 2004 ni kwamba kiambatisho chake kina maneno ambayo Plath aliandika kwa ajili ya kipindi cha redio cha BBC, ambamo alieleza kwamba uzuri wa mtoto huyo hauwezi kuzuia maovu ya dunia, ila unalikomboa fungu la mama ndani ya maovu hayo. Hakuna mhakiki aliyelieleza shairi hilo vizuri kuliko mwenyewe. Alilirekodi kwa sauti yake siku iliyofuata baada ya kuliandika, tarehe 30 Oktoba, pamoja na mengine kadhaa. Itafute rekodi hiyo kabla hujaamua kwamba mashairi haya ni kilio tu. Sauti ni nzito, inatamka kila konsonanti, na haitetemeki.

Tofauti kubwa kuliko zote iko mwishoni. Plath alifunga diwani yake kwa mashairi ya nyuki, yaliyoandikwa kati ya tarehe 3 na 9 Oktoba 1962. Baba yake, Otto Plath, alikuwa mtaalamu wa nyuki, na yeye mwenyewe alifuga mizinga huko Devon. Shairi la mwisho, “Wintering”, linawaonyesha nyuki wa kike wakiwa wamewaondoa madume, wamejikusanya gizani kuuvuka msimu wa baridi, na mwanamke amekaa karibu na susu la mtoto akifuma. Neno la kwanza la diwani ni upendo, la mwisho ni majira ya kuchipua, na tunajua hilo lilikuwa kusudi lake. Hughes aliyasogeza mashairi ya nyuki katikati na kukifunga kitabu kwa “Edge” na “Words”. “Edge”, la tarehe 5 Februari 1963, linaonyesha mwanamke aliyekufa akiwa na watoto waliokufa. Ni shairi lililochongwa kwa ustadi wa kutisha. Lakini likikaa ukurasa mmoja kabla ya mwisho, kila ukurasa ulioutangulia unageuka njia ya kuelekea huko, hata “Morning Song”. Kwa karibu miaka 40 wasomaji waliisoma Ariel kama barua ya kuaga. Mswada wa Plath ulikuwa wa mama anayepanga kuuvuka msimu wa baridi pamoja na watoto wake. Kwamba hakuuvuka ni msiba, na msiba huo hauna haki ya kuvipanga upya alivyovipanga akiwa hai.

Sasa kitabu chenyewe kama bidhaa. Toleo la 2004 lina sehemu tatu na viambatisho. Kwanza kuna dibaji ya Frieda, kisha mashairi 40 yaliyochapwa kawaida. Sehemu ya pili ni picha za mswada wote, ukurasa kwa ukurasa, kama ulivyotoka kwenye taipureta. Ya tatu ni picha za rasimu za shairi “Ariel”. Viambatisho vina “The Swarm”, shairi la nyuki ambalo Plath alisita nalo, ile hati ya BBC, na maelezo ya David Semanki kuhusu maandishi.

Kabla hujalipa, fahamu kwamba sehemu ya pili inarudia mashairi yale yale ya sehemu ya kwanza. Anayehesabu kurasa akidhani anapata mashairi mengi zaidi atasikitika. Kwa mwanafunzi au mwandishi, hata hivyo, kurasa hizo zina thamani, hasa rasimu za “Ariel”. Shairi hilo lina beti kumi za mishororo mitatu na mshororo mmoja wa peke yake mwishoni, na linamhusu mwanamke aliye juu ya farasi alfajiri, ambaye kilio cha mtoto kinayeyuka ukutani nyuma yake. Rasimu zinaonyesha jinsi alivyokata na kukata hadi ikabaki mwendo tu. Yeyote anayedhani mashairi haya yalimwagika yenyewe kutoka kwenye akili iliyovurugika ataziona alama za kalamu na kubadili mawazo. Ukinunua nakala ya kidijitali, picha hizo zitakusumbua kwenye simu. Nunua ya karatasi.

Dibaji ya Frieda imeandikwa kwa uangalifu. Anawatetea wote wawili, baba na mama, na anakataa mama yake ageuzwe kuwa kifo chake. Mfano anaoutoa ni kibao cha kumbukumbu kilichowekwa London mwaka 2000 katika nyumba ya Chalcot Square, ambako mama yake aliishi karibu miaka miwili, akachapisha diwani yake ya kwanza na kumzaa yeye. Wapo waliolalamika kwamba kibao kingepaswa kuwekwa Fitzroy Road, alikoishi wiki chache na kufia. Kisa hicho peke yake kinatosha kukuonya usianze kusoma kwa kutafuta dalili za mwisho wake.

Upungufu mkubwa wa toleo hili unatokana na uaminifu wake. Kwa kuwa linafuata mswada uliofungwa mwishoni mwa 1962, halina mashairi ya 1963, na miongoni mwake yamo ya umama yaliyo bora kabisa. “Child”, la tarehe 28 Januari 1963, lina mishororo 12 tu: mama anatamani kulijaza jicho safi la mtoto kwa rangi na bata, na anachoweza kumpa ni mikono inayosokotana na dari lisilo na nyota. Halimo. “Three Women”, tamthilia ya redio iliyotangazwa na BBC tarehe 19 Agosti 1962, ina sauti tatu katika wodi ya wazazi: anayejifungua na kwenda nyumbani na mtoto, ambaye mimba inamtoka, na anayezaa kisha kumwacha mtoto. Nayo haimo. Hayo yote, pamoja na “Parliament Hill Fields” la mimba iliyoharibika, unayapata katika The Collected Poems ya 1981, iliyoshinda tuzo ya Pulitzer mwaka 1982. Kitabu hicho kinayapanga mashairi kwa tarehe, na nyuma yake kuna orodha ya mpangilio wa Plath, kwa hiyo mwenye subira anaweza kuijenga Ariel yake mwenyewe kwa kurukaruka kurasa. Inachosha, lakini inawezekana.

Msomaji aliyezoea vina na mizani asidhani hapa hakuna sheria. Aanze na “Metaphors” la 1959, kitendawili cha mjamzito chenye mishororo tisa, kila mshororo mizani tisa. Kisha “You’re”, linalomhutubia mtoto aliye tumboni kwa beti mbili za mishororo tisa tisa, na ambalo katika Ariel limewekwa mara tu baada ya “Daddy”. Na “Daddy” lenyewe, mishororo 80 katika beti 16 za mitano mitano, linarudia kina cha sauti ya “u” tangu mwanzo hadi mwisho, karibu na namna kina cha mwisho cha utenzi kinavyodumu shairi zima. Lisome kwa sauti na utasikia linavyobana. Tofauti kubwa na utenzi iko kwenye kusudi. Katika Utendi wa Mwana Kupona, mama mgonjwa anamwachia binti yake wasia: fanya hivi, epuka vile. Mama wa Plath hana wasia. Anamwambia mtoto kile ambacho yeye mwenyewe hakijui, na mtu anayefungua kitabu akingoja mafundisho atakifunga akidhani kapewa lawama.

Kuna jambo la kumwambia msomaji Mwafrika waziwazi. Shairi “Ariel” lina tusi la kudharau watu weusi, limetumika kuelezea rangi ya matunda. “Thalidomide” linamtaja mtu mweusi aliyevaa sura ya mzungu. Katika “The Arrival of the Bee Box” nyuki walio ndani ya sanduku wanafananishwa na mikono ya Waafrika iliyosinyaa, imefungwa kusafirishwa. Mfano huo wa tatu una kazi ndani ya shairi, kwa kuwa msemaji anajiuliza kama yeye ndiye mwenye mali na kama atawafungulia. Tusi la kwanza halina kazi hiyo na naliona ni doa. Picha za mauaji ya Wayahudi katika “Daddy” na “Lady Lazarus” nazo zimebishaniwa tangu zilipochapwa. Mwalimu anayepeleka kitabu hiki darasani ajiandae kuyajadili hayo kabla wanafunzi hawajayakuta peke yao.

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kuyasoma mashairi haya kama faili la mgonjwa. Jina la ushairi wa maungamo, yaani ule unaofichua maisha binafsi ya mshairi, lilianza na mhakiki M. L. Rosenthal mwaka 1959, alipokuwa akiandika kuhusu mshairi Robert Lowell, na limewafanya wasomaji waamini kwamba kila “mimi” ni kiapo mahakamani. Plath alichagua, akageuza, akaongeza. “Barren Woman” aliliandika akiwa tayari na binti wa miezi kumi. Kosa la pili ni la upande mwingine: kumpa kitabu hiki mama aliyejifungua karibuni kwa kudhani atafarijika. Wapo wanaofarijika kuona hofu yao imeandikwa. Lakini mama ambaye usingizi umemkimbia hata mtoto anapolala, anayelia bila kujua sababu, au anayejiwa na mawazo ya kujidhuru, anahitaji mtu wa kumsindikiza kliniki kabla ya shairi lolote. Sonona baada ya kujifungua inatibika. “Edge” lingoje.

Ukimaliza Ariel na ukataka sauti nyingine ya umama wa aina hii, mchukue Anne Sexton, aliyekaa darasa moja na Plath kwa Lowell katika Chuo Kikuu cha Boston mwaka 1959. Anza na “The Double Image”, lililomo katika To Bedlam and Part Way Back ya 1960. Lina sehemu saba, na mama anamweleza binti yake mdogo kwa nini hawakuishi pamoja wakati yeye alikuwa akitibiwa. Anaongea taratibu zaidi kuliko Plath, anataja miezi na majira, picha mbili za kuchorwa zinatazamana ukutani, ya mama na ya mama yake, na mwishoni anakiri kwamba alimzaa binti ili ajipate mwenyewe. Kwa aliyeona “Lesbos” linapiga kelele mno, huyu ndiye wa kuanza naye, kisha arudi kwa Plath.